Matundu ya Mwenyewe wa Kwanza

Huku kwetu Kigoma tunapenda sana kusifu vyombo vikuukuu. Mtu akiuza boti Kibirizi au Ujiji, jambo la kwanza analolitaja ni umri wake: boti hii ni ya mninga, imekula miaka mingi ziwani, wala haijapata kuzama, ya kale ni dhahabu. Mnunuzi naye hutikisa kichwa kukubali. Katika kurasa hizi nataka kuibishia methali hiyo, maana naona inatufundisha kutazama mahali pasipostahili. Thamani ya kitu kilichotumika haimo katika ukuukuu wake. Imo katika kazi aliyoifanya fundi baada ya mwenyewe wa kwanza kukiacha.

Nitaanza na mfano wa mbali, kwa kuwa unalionyesha jambo hili waziwazi. Wako watu, hasa huko Marekani, wanaocheza bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha vigingi kumi. Tufe hilo laweza kufika uzito wa kilo 7 na ushei, nalo hushikwa kwa vidole vitatu vinavyoingizwa katika matundu matatu. Matundu hayo hutobolewa kwa kipimo cha mkono wa mtu mmoja: unene wa kila kidole, na umbali wa kutoka kidole gumba hadi kidole cha kati na cha pete. Kwa hiyo anayenunua tufe lililotumika hununua pia mkono wa mtu mwingine. Akilicheza vivyo hivyo, ama litamchubua gumba ama litamponyoka. Dawa yake inajulikana. Fundi humimina rezini ya majimaji katika matundu ya zamani, huiacha ikauke na kuwa ngumu, huisugua mpaka iwe sawa na uso wa tufe, kisha hutoboa upya kwa kipimo cha mkono mpya. Alama ya kiraka hubaki ikionekana. Mchezaji mwenye busara haionei haya, kwani hiyo ndiyo hati yake ya kulimiliki tufe.

Boti ya mbao ina habari ileile, ila kwetu si mchezo. Msumari wa chuma ukikaa majini miaka mingi hushika kutu, na kutu huiharibu mbao inayouzunguka ikawa nyeusi na laini. Msumari mpya ukipigwa katika tundu hilo hushika siku ya kuuza tu. Fundi wa kweli hulipanua tundu kwa kekee mpaka aifikie mbao nzima. Kisha hulijaza kwa kizibo cha mti, nyuzi za kizibo zikifuata nyuzi za ubao, na tundu jipya hulitoboa kando, wala hayapangi matundu yote katika mstari mmoja, ubao usije ukapasuka. Baada ya hapo ndipo huja pamba ya kalafati. Fundi mvivu huanza na pamba na kumalizia na rangi. Zikiwa ufukweni, boti zao hufanana. Tofauti hujulikana usiku, katikati ya ziwa, upepo umeamka na ndani mna abiria na magunia ya dagaa.

Shemeji yangu alipotaka kununua boti iliyotumika, aliniomba nimsindikize ili nimsomee hati. Hati zilikuwa safi. Mwuzaji alitusimulia habari za wote waliopata kuimiliki, tena kwa ufasaha mkubwa. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kisu kidogo mfukoni, akachokoa rangi karibu na taruma la tatu. Kisu kikazama kama katika muhogo uliochemshwa. "Mzee wangu," akasema kwa adabu, "historia nimeisikia. Sasa nionyeshe vizibo." Hatukununua.

Ushahidi mkubwa wa maneno haya ni meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa na kuingizwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Malagarasi, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali yafaa, wakaitengeneza, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Baadaye hata mashine za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli.

Vita vya ziwa hili ndivyo vilivyompa C. S. Forester riwaya yake, The African Queen, ya mwaka 1935, ambayo John Huston aliitengenezea filamu mwaka 1951. Simlaumu mwandishi kwa kubuni. Hiyo ni kazi yake. Lawama yangu ni kwamba katika riwaya na katika filamu, meli ya Wajerumani huzama na hadithi ikafungwa. Riwaya ilipotoka, Liemba ilikuwa imekwisha kufanya kazi ziwani kwa miaka minane tangu irudi. Nusu iliyo bora, ya walioipaka grisi, walioiinua na walioitengeneza, imeachwa nje.

Nasi tunakosea kwa upande wa pili. Tunaisifu Liemba kwa kuwa imepita miaka mia, kana kwamba miaka ndiyo iliyoibeba juu ya maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na chombo kikisifiwa umri wake, wenye dhamana husahau kukitengeneza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukionyeshwa kitu kilichotumika, usiulize kimeishi miaka mingapi. Uliza matundu ya mwenyewe wa kwanza yamezibwa na nani, yamezibwa kwa kitu gani, na mapya yametobolewa kwa kipimo cha nani. Mwuzaji akikosa jibu, rudisha fedha zako mfukoni, hata kama bei ni ya kutupa.