Vibaraza vya SD40-2

Heko mafundi wa treni ndogo! Kichwa cha treni ya mizigo aina ya SD40-2 kilianza kuundwa na kampuni ya EMD ya Marekani mwaka 1972: silinda 16, nguvu za farasi 3,000, urefu wa karibu mita 21. Fundi hukipunguza mara 87, kikakaa mezani kwa sentimita 24 tu. Ninachokipenda zaidi ni vile vibaraza viwili, mbele na nyuma, vilivyobaki wazi kwa sababu fremu ni ndefu kuliko bodi. Fundi mzuri huvipima, huchomeka vyuma vya kushikilia vyembamba kama sindano, kisha hupaka masizi kuzunguka bomba la moshi. Hapo ndipo ninapoinama na kutazama, nikisubiri kingurume.