Kutoka Eudora hadi Thunderbird, na laini ikibadilika

Anayebadilisha kampuni ya intaneti mara nyingi huona hiyo ndiyo nafasi ya kubadilisha na programu ya barua pepe. Hapo ndipo mambo huharibika: kazi mbili zisizohusiana zinafanywa siku moja, na kitu kikigoma hujui ulaumu kipi.

Chukua watumiaji wa Eudora, programu aliyoiandika Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois. (Jina alilitoa kwa mwandishi Eudora Welty, aliyetunga hadithi ya mwanamke aliyehamia kuishi posta.) Mwaka 2006 Qualcomm, kampuni iliyokuwa ikiimiliki wakati huo, ilitangaza kuachana nayo, na wengi wakahamia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe.

Barua zenyewe hazikusumbua. Wengi walitumia POP3, ambayo huzishusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta ya mwenyewe na, isipozuiwa, huzifuta kule. Kwa hiyo barua za miaka yote zilikuwa mafaili kwenye diski yako. Kampuni ya zamani ikifunga akaunti haiondoki na hata moja. Eudora iliweka kila folda katika faili la mbx, maandishi matupu yanayosomeka hata kwa Notepad, na Thunderbird hutumia mpangilio wa ukoo huo huo.

Kazi ilikuwa kwenye viambatisho. Eudora ilikibandua kila kiambatisho, ikakiweka kwenye folda ya pembeni, kisha ndani ya barua ikaacha mstari unaotaja kilipo, tuseme C:\Eudora\Attach\ankara.doc. Ukinakili barua bila folda hiyo, au ukiiweka kwingine kwenye kompyuta mpya, mstari unaelekeza pasipo na kitu. Barua inasomeka, ankara haipo. Ndiyo maana ilifaa kuziingiza barua kwenye Thunderbird ukiwa bado kwenye kompyuta ya zamani, kila faili likiwa pale pale.

Halafu kuna barua zinazotoka. Kupokea huhitaji nywila, popote ulipo. Lakini kwa kutuma, seva nyingi za kampuni za intaneti zilimtambua mteja kwa laini yake tu. Laini ikibadilika, Thunderbird inaendelea kupokea barua za akaunti ya zamani bila tatizo, ila ukijibu unakataliwa, na lawama zote zinaiangukia programu mpya, ambayo haina kosa. Zamani dawa ilikuwa kupitishia barua hizo kwenye seva ya kutuma ya kampuni mpya. Leo njia hiyo ni ya hatari, kwa kuwa seva inayopokea hukagua kama seva iliyotuma imeruhusiwa kutumia kikoa cha anwani yako, yaani sehemu iliyo baada ya @. Ni afadhali kutuma kupitia seva ya kampuni iliyotoa anwani, kwenye poti 587, kwa nywila yako ya huko.

Kwa hiyo ningeanza na programu, laini ya zamani ikiwa bado hai. Tuma, pokea, fungua viambatisho vya miaka ya nyuma. Ukisharidhika, kata laini, lakini kwanza waarifu benki na wengine wanaokutumia nywila kwa anwani ile, maana anwani ni mali ya kampuni. Na kubaki na kampuni ile ile si kinga: mwaka 2017 Verizon ya Marekani ilijitoa kwenye barua pepe, na wateja wake wakatakiwa kuhamishia akaunti AOL, wakiendelea na anwani ya verizon.net, au kutafuta nyingine.