Kontena Safi Utalijua kwa Mistari Yake

Nikikabidhiwa mradi wa Django wenye hifadhidata ya PostgreSQL, sianzi na msimbo. Naifungua Dockerfile nione mstari wa COPY umekaa wapi.

Docker hujenga imeji tabaka juu ya tabaka, na tabaka ambalo halijaguswa hailijengi tena. Likiguswa moja, yote yaliyo juu yake huanza upya. Fundi anayeijua kazi hunakili requirements.txt peke yake, akasakinisha maktaba, ndipo akaleta msimbo. Aliyemwaga kila kitu mwanzoni amekubebesha mzigo: badilisha herufi moja, jenga imeji, na maktaba zote zinasakinishwa tena, mara nyingi kwa kupakuliwa upya. Kwa msanidi wa Dodoma au Kisumu anayetegemea bando la simu, hizo ni fedha. Ndiyo maana kigezo hiki nakitanguliza.

Tazama pia toleo. Ukikuta postgres:latest, shtuka: toleo kuu jipya likiingia, halitaifungua data iliyoandikwa na la zamani mpaka ihamishwe. Afadhali postgres:16.

Ila faili ya Compose ndiyo inayomfichua mtu. Wengi huandika depends_on wakaridhika. Kwa kawaida yake, agizo hilo husubiri kontena la hifadhidata liwashwe tu, halisubiri PostgreSQL iwe tayari. Django hubisha hodi, haitikiwi, inaanguka. Mgeni wa mradi hudhani kakosea yeye. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima hivyo, nikirudia hatua zilizokuwa sahihi tangu mwanzo. Kazi nzuri ina healthcheck inayoita pg_isready, na sharti la service_healthy. Nikiyakuta hayo namheshimu mwandishi hata kabla sijamjua.

Kwenye Linux, endesha makemigrations ndani ya kontena, kisha angalia faili iliyozaliwa ni ya nani. Ikiwa ya root, huwezi kuihariri bila sudo, na hapo kazi haijakamilika. Poti 5432 nayo ifungwe kwenye 127.0.0.1, isiachwe wazi kwa kila aliye kwenye Wi-Fi yako.

Mwisho, kama data yako ni ya majaribio tu, futa makontena pamoja na volyumu zake kwa docker compose down -v, uwashe tena kwa docker compose up, ukifuata maelezo ya mradi pekee. Mimi huhesabu mara ngapi nimelazimika kumpigia simu mwenye mradi.