Siku moja ya kazi, kutoka Oslo hadi Dakawa

Mwaka 1985 wanafunzi wa sekondari katika nchi za Nordic waliacha madarasa kwa siku moja, wakaenda kufanya vibarua, na ujira wao ukapelekwa kwenye elimu ya vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakimbizi Tanzania. Fedha hizo zilisaidia mafunzo ya ufundi huko Dakawa, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, kituo cha pili cha chama cha ANC baada ya Mazimbu.

Historia ya Mazimbu yenyewe inafahamika. Baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976, vijana wengi walivuka mipaka wakikimbia serikali ya makaburu. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa shamba la zamani la mkonge nje kidogo ya mji wa Morogoro, Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa, na hapo ikajengwa shule iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Ilikuwa na chekechea, msingi, sekondari, hospitali na shamba. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kisichosimuliwa sana ni namna wale watoto wa Ulaya ya kaskazini walivyofikishwa kwenye uamuzi wa kutoa jasho lao. Ninaamini hilo linastahili kuchambuliwa kipande kwa kipande, kwa sababu shule zetu nazo huwataka wanafunzi wachangie mambo mema kila muhula, na mara nyingi wanachokumbuka watoto baadaye ni kiasi walichodaiwa tu, wala si jambo walilochangia.

Utaratibu wenyewe wa siku ya kazi ulianzia Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola Septemba 1961. Norwei iliuchukua mwaka 1964, ikauita Operasjon Dagsverk, na unaendelea hadi sasa. Nitautumia mfano wa Norwei, kwa kuwa huko umedumu na umepangwa vizuri zaidi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni nani mwenye mali. Kampeni hii haimilikiwi na wizara ya elimu, wala na shirika la misaada, wala na wakuu wa shule. Ni ya umoja wa wanafunzi wa nchi nzima. Wanaoiendesha makao makuu ni vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wanaoifanya kazi hiyo kwa muda kabla ya kwenda chuo au kazini, na mikoani kuna kamati za wanafunzi wanaoshika kazi hiyo huku wakisoma. Mwalimu yupo, na bila yeye ratiba ya siku haiwezi kufunguliwa, ila yupo kama mlezi wa klabu anavyokuwa kwetu pale anapoijua nafasi yake: anafungua mlango, kisha anakaa pembeni.

Kutokana na umiliki huo kunakuja uchaguzi. Mashirika yanayotaka fedha huandika mapendekezo ya mradi wa elimu katika nchi fulani ya Afrika, Asia au Amerika ya Kilatini. Mapendekezo hufika mbele ya mkutano mkuu wa wanafunzi, wajumbe waliotumwa na shule zao huyasoma, huyajadili, hubishana, kisha hupiga kura. Linaloshinda ndilo linalopata fedha za mwaka huo. Mengine yanarudi na makaratasi yake. Fikiria maana ya hapo. Watu wazima wenye ofisi, magari na shahada wanasimama mbele ya mabinti na vijana wa miaka kumi na sita kueleza kwa nini mradi wao unafaa, nao wanaulizwa maswali. Kijana aliyewahi kukaa upande wa muulizaji hawezi tena kuiona huruma kuwa kitu cha kutoa macho yakiwa yamefumbwa. Ameshajua kwamba mradi una bajeti, una mshirika kule uendako, na unaweza kuwa mbaya hata kama picha zake zinaliza.

Kiini cha mbinu yote, kwa maoni yangu, ni wiki inayotangulia siku ya kazi. Norwei wanaiita wiki ya kimataifa. Kabla hajashika fagio, mwanafunzi hufundishwa habari za nchi na watu ambao kampeni inawahusu: historia yao, sababu za wao kukosa elimu, nani ananufaika na hali hiyo. Masomo hayo yanaingizwa kwenye vipindi vya kawaida, hayasukumwi jioni wakati watu wamechoka. Pamoja na vitabu na filamu, vijana kutoka nchi husika hualikwa kuzunguka shule hadi shule, nao huzungumza wenyewe. Si mtaalamu anayewazungumzia, wala bango lenye mtoto mwenye macho makubwa. Ni kijana wa umri uleule anayesimama darasani, anaulizwa anasoma nini, anapenda muziki gani, kwa nini shule yake ilifungwa.

Hapo ndipo kutoa kunapogeuka kuwa suala la haki. Kwa mfano wa mwaka 1985, kumwambia mwanafunzi kwamba huko Tanzania kuna vijana wasio na karakana kungeweza kumfanya atoe. Kumweleza kwamba vijana hao walikimbia kwa sababu serikali yao ilipanga kisheria elimu duni kwa mtu mweusi, na kwamba utawala huo ulikuwa na wafanyabiashara na marafiki hukohuko Ulaya, ni kumpa swali la kwenda nalo nyumbani. Shule nyingi duniani huogopa hatua hii. Zinakubali watoto wachangie chakula, hazikubali waulize kwa nini mtu ana njaa, kwa hofu ya kuambiwa zinaingiza siasa darasani. Mimi naona mchango usioambatana na swali hilo humfundisha mtoto kwamba dunia ina watu wa kutoa na watu wa kupokea, na kwamba mgawanyo huo umeletwa na Mungu.

Siku ya kazi yenyewe ni rahisi. Mwanafunzi hutafuta kazi mwenyewe: kuosha madirisha ya jirani, kupanga bidhaa dukani, kufagia majani, kusaidia ofisini, kulea watoto. Anakubaliana na mwajiri, na mwajiri hamlipi mwanafunzi mkononi; hulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampeni. Utaratibu huo mdogo umeziba mianya miwili. Kwanza, fedha hazipiti mikononi mwa mtoto, mwalimu wala mhasibu wa shule, kwa hiyo hakuna wa kushukiwa. Pili, kinachotolewa ni kazi yake mwanafunzi, hakitoki mfukoni mwa mzazi. Kazi ya saa sita au saba ina uzito ambao noti ya kupewa asubuhi mlangoni haina. Asiyetaka kushiriki halazimishwi, na shule nazo huamua kama zitajiunga.

Mashimo yapo, tena si madogo. Wapo wanaoichukua siku hiyo kuwa mapumziko. Wapo wanaofagia ua wa nyumbani kwao, mzazi akalipa, na tofauti na mchango wa kawaida ikawa ndogo. Mtoto wa mwenye kampuni hupata kazi kwa simu moja, wakati mtoto wa mhamiaji asiyejuana na watu anagonga milango hadi anakata tamaa. Kampeni ya usawa inaweza hivyo kuurudia ukosefu wa usawa wa mtaani. Na mtiririko wa fedha bado ni uleule, kutoka nchi tajiri kwenda maskini. Wiki ya masomo na wageni wa kuzunguka shule hupunguza ubaya huo, haviumalizi.

Kwetu, mtu anaweza kusema haya ni mambo ya nchi zenye hela. Lakini waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao Nyerere aliutoa Machi 1967, una kiungo hichohicho. Wengi wanaukumbuka kwa jembe: shule iwe na shamba, wanafunzi wafanye kazi. Wanasahau kwamba Mwalimu alitaka pia wanafunzi washirikishwe kupanga kazi ile na kuamua mazao yake yatumike vipi. Kipengele hicho ndicho kilichoachwa njiani katika shule nyingi. Jembe likabaki, uamuzi ukaenda ofisini kwa mkuu wa shule, na kazi ya shamba ikaishia kuwa adhabu ya wachelewaji. Sioni sababu ya kwenda kuazima Norwei kitu kilichoandikwa Dar es Salaam. Kinachopaswa kujifunzwa huko ni namna ya kukitekeleza bila kukikata nusu.

Dar es Salaam hiyohiyo, mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianza na wanafunzi wachache wa sekondari mpango wa Roots & Shoots, ambao sasa uko katika nchi nyingi. Nao unampa mwanafunzi uamuzi: kundi linatazama mtaa wake, linataja tatizo la watu, la wanyama au la mazingira, kisha linachagua la kufanya. Nguvu yake ni kwamba anayesaidia na anayesaidiwa wanakunywa maji ya mto mmoja. Mtaala wa umilisi wa Kenya nao umeweka nafasi ya kujifunza kupitia huduma kwa jamii, na matokeo yake yatategemea kama wanafunzi wataachwa kuchagua huduma au watapangiwa zamu.

Tuchukue shule ya kata inayotaka kusaidia kituo cha watoto yatima. Desturi ni tangazo mstarini, kiasi kinatajwa, orodha inabandikwa, na asiye na hela anaitwa mbele. Ni ukatili kumwaibisha mtoto maskini kwa jina la maskini. Kwa utaratibu wa siku ya kazi, viongozi wa serikali ya wanafunzi wangeviita vituo viwili au vitatu vije kujieleza, madarasa yakapiga kura. Somo la uraia lingechukua wiki moja kuuliza kwa nini watoto wanaachwa na sheria inasemaje. Jumamosi moja wangefanya vibarua vya halali vinavyolingana na umri wao, wazazi wakiwa wameridhia, na walipaji wangetuma fedha kwa simu kwenye namba ya kituo yenye jina lililosajiliwa. Wanafunzi wawili waliochaguliwa wangehakiki kumbukumbu za malipo na kubandika jumla ubaoni, bila majina wala viwango vya mtu mmojammoja.

Linabaki tatizo moja ambalo hata Norwei haijalimaliza, nalo ni mrejesho. Mradi wa elimu huchukua miaka, mwanafunzi humaliza shule mapema kuliko hapo. Shule ya Mazimbu ilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, miaka saba baada ya ile siku ya vibarua, na waliofagia majani mwaka 1985 walikwishakuwa watu wazima kazini. Shule ya kata ina nafasi nzuri zaidi hapa, kwa sababu kituo kiko umbali wa kutembea. Ikichagua kazi inayokamilika ndani ya miaka miwili, kidato cha pili waliopiga kura wanaweza kwenda kuikagua wakiwa kidato cha nne, wakiwa na ile bajeti waliyoipitisha mkononi.