Mzani Hauoni Mkono

Makala nyingi kuhusu mafundi wa mapambo zinafanana. Fundi ameinamia meza, moto unawaka, anaulizwa kwa nini anafanya kazi hii, naye anajibu kwamba anaipenda. Mwandishi anafunga daftari. Kila nikisoma makala ya namna hiyo nabaki na swali lilelile: sawa, anaipenda, lakini pete yenyewe ni nzuri?

Hatuulizi kwa sababu tunaona ni utovu wa adabu. Mtu anahangaika na mikono yake, wewe unaanza kumkosoa? Lakini tukinyamaza tunamwachia mkosoaji mwingine, naye ni mzani. Ingia kwa sonara mjini Morogoro. Dhahabu inauzwa kwa gramu, na juu yake inaongezwa pesa ya ufundi. Siku ukiirudisha pete kuiuza, inapimwa tena, na ile pesa ya ufundi haipo. Siku mbili za tupa, lehemu na msasa zimeyeyuka kabla pete haijatiwa motoni. Na fundi akiomba aongezwe kidogo, mteja ana jibu: "Fundi, si unaipenda kazi yako?" Hapo mapenzi yamegeuzwa kuwa punguzo la bei.

Mimi huanza kwa kuigeuza pete. Mbele pametengenezwa ili paonekane, nyuma ndiko kazi ilikofichwa. Je, pale ncha mbili zilipounganishwa pana mstari? Kucha zinazoshika jiwe zimelingana, au moja imelazwa kwa nguvu ili kufunika pengo? Ndani pamelainishwa, pale kidole kitakapogusa kila siku? Hereni mbili zina uzito mmoja? Maswali haya hayahitaji mapenzi ya mtu yeyote. Yanahitaji macho, na yanampa fundi heshima ambayo sifa za jumla haziwezi kumpa.

Swali la mwisho ni gumu zaidi: pambo hili lingeweza kutengenezwa popote? Mkoa wa Morogoro una mawe. Matombo, kwenye Milima ya Uluguru, kuna rubi zinazotoka katika miamba ya marumaru. Mahenge, wilayani Ulanga, kuna spineli. Mwaka 2007, huko Ipanko, zilipatikana spineli kubwa ajabu, moja ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Kwa karne nyingi spineli iliishi kwa jina la rubi. Jiwe jekundu la mbele ya taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa Rubi ya Mwanamfalme Mweusi, ni spineli. Leo spineli ya Mahenge inatafutwa duniani kwa jina lake. Lakini pete nyingi nilizoziona madirishani mjini zina kioo chekundu na zinaiga mitindo ya Dubai. Jiwe limetoka, mtindo umeingia.

Mtu atasema hatuna pa kuanzia. Sikubali. Stanley alipopita chini ya Uluguru mwaka 1871, miongoni mwa mizigo ya misafara ya njia ile kulikuwa na nyaya za shaba ya njano, zilizotumika kama pesa. Waya ulikuwa malighafi tu. Mafundi wa bara ndio walioupa umbo: wakauviringisha kuwa vikuku, au wakauvuta mpaka ukawa mwembamba na kuuzungushia nywele za mkia wa mnyama, ukawa udodi. Udodi hauna lehemu wala jiwe. Unashikwa na mvutano wake wenyewe, unajipinda pamoja na mkono, na ukilegea unaweza kuzungushwa upya. Huo ni mtindo kamili, wenye fikra yake.

Ndiyo sababu bangili moja niliyoishika mwaka jana mjini Morogoro imenikaa kichwani. Ilikuwa ya fedha, na jiwe dogo jekundu lisilokatwa lilishikwa na mizunguko ya waya badala ya kucha. Jiwe lilitikisika kidogo bila kutoka, na mwanga ulilipitia kutoka pande zote. Mizunguko ilikaribiana bila kupandana. Kasoro ilikuwa ncha ya waya iliyoachwa ndani, ikichoma kifundo cha mkono. Nilimwambia fundi yote mawili.

Alipitisha kidole, akachukua tupa bila kubisha. Kisha akaniuliza: kama si kwa gramu, ungeipangia bei gani? Tulihesabu siku zake mbili, mkaa, na waya uliokatika mara ya kwanza. Bei ilitoka karibu mara tatu ya fedha iliyomo. Aliiandika kwenye karatasi ndogo, akaifunga kwenye bangili, na mimi sikuwa na uwezo wa kuinunua.