Bendi Moja, Folda Nne

Programu ya kupangia muziki isomwe kama kitabu. Ina sura, ina faharasa, na aliyeitunga alishaamua kipi kitangulie. Miezi kadhaa sasa napanga nyimbo zangu za zamani kwa foobar2000, programu ya bure iliyotoka 2002, na nimeisoma kwa swali lilelile ninaloulizia riwaya: nani kaachwa nje?

Tuanze na bendi. NUTA Jazz ilizaliwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mzee yeyote wa Kariakoo atakwambia ni bendi ileile. Kompyuta haijui hilo. Inaona majina manne, inahesabu wasanii wanne, na kuwatawanya kwa alfabeti.

Tatizo hili ni la kurithi. Linatoka kwenye ID3, lebo inayofichwa ndani ya faili la MP3. Toleo la kwanza, la 1996, lilimpa msanii herufi 30 tu. Andika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" uone: inaishia kwenye Morogoro, Jazz Band hakuna. Orodha yake ilikuwa na aina 80 za muziki. Polka imo, taarabu haimo. Mtunzi hana nafasi kabisa. Toleo la 1998 lilirekebisha mengi, ila programu nyingi bado zinauliza kwanza msanii na albamu. Sasa wimbo uliorekodiwa Radio Tanzania ili upigwe redioni, albamu yake ipi?

Vijana wa Kariakoo wanaojaza nyimbo kwenye flashi wana jibu lao: folda moja, ZILIPENDWA. Nalipenda neno hilo. Linapanga muziki kwa kumbukumbu ya msikilizaji, jambo ambalo hakuna programu inayoliweza. Lakini fungua ndani: wimbo 01, wimbo 02. Aliyetunga na aliyepuliza tarumbeta wote wamefutika. Tunabaki na utamu, tunapoteza watu.

Hapo ndipo foobar2000 inapojitetea. Sura yake haivutii, utadhani daftari la mahesabu ya duka. Ila inakuruhusu kuongeza vipengele vyako mwenyewe na kupanga maktaba kwa kuvifuata. Nimeongeza MTUNZI, MWIMBAJI na UKOO. Kwenye UKOO nikaandika Msondo kwa majina yote manne. Bendi ikakusanyika mahali pamoja, na kila wimbo ukabaki na jina la zama zake.

Naisifia kwa hilo, ingawa kazi yenyewe inachosha na programu haitakufanyia. Haijui nani alitunga nini. Anayejua ni yule mzee aliyekuwa akicheza dansi DDC Kariakoo, na wazee hao wanapungua. Msikilizishe nyimbo zako, muulize majina, uandike. Kipengele cha MTUNZI kikibaki kitupu leo, kesho hatakuwepo wa kukijaza.