Milango ya Ndovu Chini ya SGR

Kati ya Voi na Mtito Andei, kazi bora kuliko zote kwenye SGR, reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, ni ile ambayo abiria wa treni yake ya Madaraka Express haioni: nafasi zilizoachwa chini ya reli ili wanyama wapite. Stesheni ndizo zinazopigwa picha. Nafasi hizi ndizo zinazoamua kama Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zitabaki nchi moja kwa ndovu.

Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, ilipofika Voi miaka ya 1890 ilifuata ardhi ilivyo. Pakiinuka inapanda, penye kilima inazunguka, na ndovu aliivuka popote alipotaka. SGR haiwezi kujikunja hivyo. Treni ya abiria hukimbia kilomita 120 kwa saa na ya mizigo huvuta maelfu ya tani, kwa hiyo kona lazima ziwe pana na mwinuko uwe mdogo. Vilima vikakatwa, mabonde yakajazwa udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Ndivyo ukuta ulivyosimama katikati ya mbuga mbili, ndani ya mfumo wa ikolojia wa Tsavo wenye karibu ndovu 15,000 kwa hesabu ya 2021.

Ukuta huo unatobolewaje? Hapa hesabu ina maana kubwa. Chukua tuta la kimo cha mita 10, upana wa mita 8 juu, na ubavu unaotanuka mita moja na nusu kwa kila mita ya kimo. Chini litakuwa na upana wa mita 38. Ukipitisha kalvati humo, umemjengea ndovu shimo la giza la mita 38, na mnyama mwenye ndama husita kuingia mahali asipoona mwanga wa upande wa pili. Daraja ni jambo jingine kabisa. Linalikata tuta lote, na paa juu ya mnyama ni upana wa reli tu. Anaona vichaka mbele yake, anasikia harufu inayoletwa na upepo, anatembea. Daraja la mto Tsavo, lenye urefu wa karibu kilomita 2, linafanya hivyo kwa ukarimu kuliko mahali pengine popote kwenye njia hii. Vivuko vingine ni vifupi, na uzio wa kando ya reli ndio unaowaelekeza wanyama kwenye mlango.

Je, ndovu wanaitumia milango hiyo? Machi 2016, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) pamoja na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu 10 kola za kufuatilia mienendo yao, reli ikiwa bado inajengwa. Ndovu walipita chini ya reli, wengi wao usiku. Kwangu huo ni ushahidi kwamba wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Ndani ya Mbuga ya Nairobi, awamu iliyofuata ya SGR ilipandishwa yote juu ya nguzo kwa takriban kilomita 6, bila tuta. Gharama ni kubwa, lakini ardhi ilibaki wazi. Tsavo ni kubwa mno kwa daraja la namna hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, nakubali. Nisichokubali ni kuifanya reli iwe hesabu ya peke yake, kwa sababu kandokando yake kuna barabara kuu ya Mombasa. Ndovu aliyepita salama chini ya treni anatokeza mbele ya malori, usiku uleule aliouchagua ili avuke kwa utulivu. Barabara hiyo iko chini, usawa wa ardhi, na mlango wa reli haumsaidii kuivuka.

Barabara ya mwendo kasi ya Nairobi–Mombasa imekuwa ikizungumzwa kwa miaka. Ikifika Tsavo, madaraja yake yapangwe sambamba na vivuko vya SGR, mlango ukitazamana na mlango, na kimo chake kisiwe chini ya kile cha reli. Uamuzi huo ni wa kwenye ramani, kabla tingatinga halijagusa udongo.